Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kusomea usimamizi wa jukwaa

Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita hapa Kampala. Kuigiza hataki, anataka kuwa msimamizi wa jukwaa, yule anayeshika daftari la mchezo, anayetoa ishara taa zizimwe, muziki uingie, na kuhakikisha kila mwigizaji yupo mahali pake kabla pazia halijafunguliwa. Makerere wana idara ya sanaa za maonyesho na filamu. Je, huko mtu anashika mitambo ya taa na sauti kweli, au nadharia ndiyo nyingi? Baba anasisitiza uhasibu. Mimi namuunga mkono binti, ni makini mno. Mliopitia njia hii, aanze kwa kujitolea Ukumbi wa Taifa, au aingie chuo moja kwa moja?