Mrejesho: Safari ya Mlima Marojejy, Madagaska

Ndugu zangu, narejea kwenye swali langu kuhusu msimu unaofaa kupanda Marojejy, mlima wa msitu wa mvua wenye mita 2,132 kaskazini-mashariki mwa Madagaska, na namna ya kujikinga na ruba. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Nilikwenda Oktoba kama mlivyonishauri, na kiongozi pamoja na wapagazi niliwapata Manantenina, kijiji kilicho kando ya barabara ya Sambava na Andapa. Hadi kambi ya Mantella njia haisumbui, lakini kutoka kambi ya Marojejia, iliyo mita 775, hadi kambi ya Simpona, iliyo mita 1,250, ni mizizi na matope matupu, na mara nyingi nilipanda kwa kushika mashina kwa mikono.

Soksi ndefu zilizopakwa chumvi zilinilinda miguu vizuri. Shingoni hazikusaidia kitu, kwa kuwa ruba wengine hudandia kutoka kwenye majani, hivyo skafu ni lazima.

Kileleni sikufika. Ukungu na mvua vilitukuta juu ya Simpona, na kiongozi akashauri turudi, ushauri ninaoukubali kabisa. Hata hivyo, tulimwona sifaka mweupe, lemuri aliye hatarini mno kutoweka, akivuta tawi taratibu na kutafuna majani machanga bila kutujali.

Atakayekwenda atenge siku ya akiba Simpona, ili aweze kusubiri anga ifunguke.