Eti "nikawape kuku"! Kikoa nimejitoa leo, na hotpoti yangu irudi

Fundi Majokofu

Wakuu, naandika mkono unatetemeka na vidole bado vinanuka kitunguu. Makosa ya herufi mnivumilie. Nimeingia ndani sasa hivi, hata viatu sijavua.

Mnamjua. Jina sitaji, modi asije akanifungia, ila mnamjua. Yule aliyetuandikia sheria za kikoa kurasa mbili. Yule anayefunua sufuria za watu na kunusa kama afisa afya. Huyo huyo.

Kwa wasiojua: tuko wapishi tisa wa majumbani hapa Mwanga, Kigoma, hakuna mwenye mgahawa wala cheti. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakwenda kwa mmoja wetu, kila mtu na chungu chake, mkeka unatandikwa, tunakula. Wazee waliita kula kikoa. Kitu chenyewe ni hicho tu, hakihitaji katiba. Lakini yule mtu akakiandikia katiba. Usije mikono mitupu. Usilete cha kununua. Anayechelewa, faini elfu tano.

Leo kafika saa mbili usiku tukiwa tumeshanawa. Kaleta nini? VIJITI VYA MENO. Pakiti moja. Tena imeshafunguliwa! Nyuma yake watoto wanne, shemeji, na mgeni wa shemeji aliyeshuka na treni, begi bado liko begani.

Hilo nikalimeza. Sikuja hapa kulalamikia vijiti.

Nimekuja kwa sababu ya kuku.

Wiki hii ni mbalamwezi. Mtu wa Ziwa Tanganyika haelezwi: mwezi ukipevuka taa za mitumbwi hazivuti kitu, wavuvi wanalala mapema kama watoto wa bweni. Leo alfajiri mwalo wa Kibirizi migebuka, samaki wetu wa huku, walikuwa wa kuhesabu, kila mmoja na wateja watatu wanamvuta mkia. Saa kumi na moja nilikuwa pale, suruali imelowa mpaka magotini. Nikapata sita. Bei nimemficha hata mama yangu mzazi.

Nikawapasua mgongoni, chumvi ya Uvinza, ndimu, nikawabanika taratibu mpaka ngozi ikaanza kujikunja. Halafu nikawashusha kwenye mawese niliyoyachoma mwenyewe, na ngogwe (nyanya chungu), na pilipili mbuzi moja tu, nzima. Nikafunga kwenye hotpoti ya kijani, ile ya maua, aliyoniachia dada alipohamia Dodoma. Nimetembea nayo kutoka kwangu mpaka kikoani nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Watu wamekula. Wamelamba. Kuna mtu alipitisha ugali wa muhogo ukutani mwa hotpoti kama anapiga lipu. Wakabaki samaki wawili na mchuzi. Nikajisemea, hao ni wa kesho asubuhi na kiporo.

Ndipo yule mtu anainuka. Anachokonoa meno, kwa kijiti alicholeta mwenyewe. Anafunika hotpoti yangu, kacha! Anaitia kwapani. Anasema kwa sauti ya kufungia kikao:

"Hii naona haikuliwa, ngoja nikawape kuku."

KUKU.

Watu wakacheka. Mwenye nyumba akacheka mpaka akapaliwa. Na mimi nikacheka! Hapo ndipo panaponiuma wakuu. Nilicheka kama mjinga, hotpoti inatoka mlangoni namwona, namwambia "haya, usiku mwema".

Kuku gani wa kula mgebuka wa mbalamwezi? Anataga nini, tanzanaiti? Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa watu wasivue, Mei 15 mpaka Agosti 15, mtu huyu huyu alikuwa anapita nyumba kwa nyumba anauliza nani ana mgebuka mkavu wa akiba. Alikula maharage miezi mitatu akakonda shingo. Leo mgebuka ni wa kuku!

Na kuku hana! Nimefika kwake mara kumi kutengeneza friji. Hakuna banda, hakuna unyoya, hakuna hata kinyesi. Kuku wenyewe ni yeye.

Nimejitoa. Hotpoti irudi kabla ya saa nne asubuhi. Mnishauri au msinishauri, nilitaka tu mjue kuwa alisema KUKU.

---

Kaa la Gungu

Nimekaa hapa na bisi. Endeleeni.

---

Mama Ngogwe

Pole baba. Ila nisamehe, hapo kwenye "kijiti alicholeta mwenyewe" nimecheka mpaka mtoto kaamka. Huyo mtu namjua. Kwenye msiba fulani Katubuka alikuja na ndimu moja, akaondoka na ndoo ya pilau. Ndoo ya mfiwa.

---

Mzee wa Kupinga

Bila picha ya hotpoti hii ni chai, tena ya rangi. Halafu mwanaume mzima unatembea barabarani jioni umekumbatia hotpoti. Nyumbani kwako hakuna mtu?

---

Fundi Majokofu

Yupo. Mimi. Kwako mpishi akiumwa mnakula ukuta?

---

Mzee wa Kupinga

Tunakula kuku.

---

Kaa la Gungu

😂😂😂 Modi fungeni uzi, mzee kamaliza.

---

Mtumbwi Mbovu

Fundi vumilia. Meli ya MV Liemba Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, ikaja kuibuliwa 1924, na injini zikawaka kwa sababu walizipaka grisi kabla ya kuondoka. Hotpoti yako nayo itarudi. Kama ilikuwa na mawese ya kutosha hata kutu haitaingia.

---

Fundi Majokofu

Miaka minane??

---

Mtumbwi Mbovu

Nakupa matumaini, siyo ratiba.

---

Kuku wa Kienyeji

Mleta mada punguza sifa. Samaki wenyewe tulikula kwa heshima tu. Pilipili ilizidi na mawese hayakuiva, yalikuwa yanakwaruza koo. Aliyesema kuku alikuwa anatania, watu wazima wanajua utani.

---

Mama Ngogwe

"TULIKULA"? Wewe umejiunga leo saa nne usiku, una ujumbe mmoja, na jina umejiita kuku. Karibu jukwaani.

---

Kaa la Gungu

Kimeumana.

---

Fundi Majokofu

HUYO HAPO. Wakuu huyo hapo! Mawese hayakuiva? Yalikukwaruza koo samaki wa kwanza, wa pili au wa tatu? Maana nilihesabu miiba mbele yako na ilikuwa kilima. Hotpoti iko wapi?

---

Kuku wa Kienyeji

Hotpoti gani?

---

Kaa la Gungu

Kuku hajakana. Kakana hotpoti. Naandika kumbukumbu za kikao.

---

Binti wa Ujiji

Afadhali yako fundi, wako angalau ana ubunifu. Kikoa chetu huku Ujiji kuna mtu analeta wali. Mweupe. Kila mwezi. Una moshi kama umepikwa ndani ya dohani. Mwezi wa saba tukamwambia kwa upole, ndugu yetu, badilisha kidogo. Mwezi wa nane akaja na wali kwenye bakuli jipya, akatuonyesha bakuli.

---

Nesi Mstaafu

Wali haukuui. Sisi kuna mmoja alituletea sombe aliyoipika dakika ishirini, imefunikwa ili "vitamini zisitoke". Sombe! Majani ya muhogo yana sumu yake. Unatwanga yalainike kabisa, unachemsha muda mrefu, sufuria wazi, ule mvuke utoke. Mimi nikaona rangi ya kijani kibichi nikasema leo nina mfungo. Siku hiyo nilifunga dini ambayo siyo yangu.

---

Binti wa Ujiji

Bibi nisamehe, mimi mama alinifundisha kufunika.

---

Nesi Mstaafu

Mama yako mheshimu, kifuniko ondoa.

---

Sato Mbichi

Nyie watu wa mwisho wa reli mnagombana usiku kucha kwa kisamaki kimejaa mafuta. Njooni Mwanza mle sato mkubwa kuliko sahani, muachane na unyonge.

---

Mgebuka Mkavu

Wewe nyamaza. Mada inahusu chakula cha kuku, na dagaa wa huko kwenu ndio wanaosagwa viwandani kulisha kuku. Wa Kigoma anafungwa kwenye begi la mgeni anapelekwa Dar kama zawadi. Hujawahi kumsikia mtu anaagizwa, "ukitoka Mwanza niletee pumba za dagaa".

---

Sato Mbichi

Dagaa wenu wana mchanga.

---

Mgebuka Mkavu

Wenye mchanga ni wale walioanikwa chini ufukweni. Wa kwenye kichanja hana punje. Uliuziwa wa chini kwa sababu sura yako inaonyesha ni mgeni.

---

Mto Mto Tabora

Tabora sisi kikoa chetu hakina ugomvi. Mtu analeta matobolwa, mwingine karanga, mwingine asali ya porini. Hakuna mchuzi wa kubebwa kwapani. Na mkumbuke reli inagawanyika kwetu, moja inakwenda Mwanza na moja kwenu. Tukikasirika tunageuza tu treni, wote mnalala njaa.

---

Mtumbwi Mbovu

Reli imefika Kigoma 1914, mkuu, na tangu hapo mnatuona tukipita na magunia yetu tu. Matobolwa ni viazi vilivyokata tamaa.

---

Mto Mto Tabora

Viazi vilivyokata tamaa 😂 Nimekasirika lakini nimeiba huo msemo.

---

Mzee wa Kupinga

Michembe na matobolwa vinatofautianaje? Nauliza kwa nia njema.

---

Mto Mto Tabora

Michembe unakata kiazi kibichi unaanika. Matobolwa unachemsha kwanza ndipo unakata unaanika. Wewe mzee, hiyo nia njema imetoka wapi saa hizi?

---

Mzee wa Kupinga

Nina njaa. Uzi wenyewe umeusoma?

---

Fundi Majokofu

Jamani, mada. Mada ni kuku. Mtu kabeba hotpoti ya dada yangu mbele ya watu tisa, akasema nikawape kuku, na yumo humu ndani anatusoma.

---

Kuku wa Kienyeji

Mimi simo.

---

Kaa la Gungu

Wakuu nimetoka kuangalia stetasi yake ya sasa hivi. Kuna picha ya sahani. Migebuka wawili, ugali, na pembeni kwa mbali naona kifuniko cha kijani cha maua. Kaandika "mikono yangu hii, Mungu anipe nini tena".

---

Mama Ngogwe

Uwiii.

---

Fundi Majokofu

Mikono YAKE?

---

Nesi Mstaafu

Mwanangu kunywa maji kwanza, kaa chini.

---

Binti wa Ujiji

Wapo wengi. Wifi yangu alipiga picha biriani langu la Idi, akalipeleka kwenye kundi la ukoo wao, wakampa kazi ya kupika harusi. Akaniajiri nimsaidie kumenya vitunguu.

---

Sato Mbichi

Huo ndio ungekuwa uzi. Fungua wako dada, huu wa hotpoti umeshachoka.

---

Binti wa Ujiji

Naufungua kesho. Nina picha, Mzee wa Kupinga akae mkao wa kula.

---

Mgebuka Mkavu

Fundi, nimeikuza ile picha ya sahani. Nikuulize jambo, usikasirike. Ule mchuzi una rangi nzuri, haujakatika, mafuta hayajaelea peke yake. Mawese unajuaje yameiva? Mimi kila siku yananishinda, ama yanakwaruza ama naunguza nyumba nzima inalia machozi.

---

Fundi Majokofu

Mkuu mimi nina msiba hapa unaniuliza mawese.

---

Mgebuka Mkavu

Basi, yaishe.

---

Fundi Majokofu

Sikiliza. Sufuria iwe kavu kabisa, tone la maji likibaki litakurukia usoni. Moto wa wastani, na usiondoke kwenda kuangalia simu. Yataanza na povu na kelele, yaache. Povu likitulia na moshi mwembamba ukaanza kupanda, angalia rangi: ule wekundu mzito unalegea, unaelekea kama chai iliyokolea. Harufu ya ubichi inaondoka. Tupia duara moja la kitunguu. Kikicheza na kuwa kahawia pembeni, epua yapumue kidogo. Ndipo urudishe, kitunguu chote, nyanya, ngogwe zimepasuliwa nne nne. Samaki wa mwisho, na mwiko usiingie tena, unatikisa sufuria tu.

---

Mama Ngogwe

Kumbe mwiko hauingii. Mimi huwa nakoroga, natoa uji wa mgebuka.

---

Nesi Mstaafu

Na pilipili unaweka wakati gani?

---

Fundi Majokofu

Mchuzi ukishachemka. Nzima, na kikonyo chake, ielee juu. Ikipasuka tu, atatokea mtu mwenye samaki watatu tumboni akwambie ilizidi.

---

Sato Mbichi

Na samaki kuhe mnampika hivyo hivyo?

---

Fundi Majokofu

Kuhe fungulia uzi wake.