MJADALA: Redio za Marekani zimlipe na mwimbaji, au mtunzi peke yake anatosha?

Wadau habari zenu. Kuna mvutano wa miaka mingi kule Marekani kuhusu hela za redio na naona sisi tunaopenda zile nyimbo za mapenzi za jazz za zamani, za kina Billie Holiday, Ella, Sarah Vaughan, Nat King Cole, hatuuongelei kabisa, kila siku ni nani ana sauti tamu kuliko nani. Naomba leo tuongelee hela.

Iko hivi. Redio ya kawaida ya FM au AM kule Marekani ikipiga What a Diff'rence a Day Makes ya Dinah Washington, anayelipwa ni upande wa utunzi, yaani mtunzi au warithi wake na kampuni inayosimamia kazi zake, kupitia vyama vya kuwakusanyia watunzi hela zao, kama ASCAP ambacho kipo tangu 1914. Aliyeimba halipwi, na sio kwamba analipwa kidogo, sheria haimpi hata senti moja. Sasa cheki historia ya wimbo wenyewe: muziki ni wa mama mmoja wa Mexico, María Grever, ulitoka 1934 kwa Kihispania, Stanley Adams akauwekea maneno ya Kiingereza, ukazunguka zunguka kwa watu miaka 25 mpaka Dinah alipoushika 1959, ukampa Grammy na ndo toleo ambalo mpaka leo watu wanalijua. Miaka minne baadae Dinah akafariki, ana miaka 39 tu. Sasa kila redio inapowasha sauti yake kuna watu wanapata chao na familia yake haimo.

Msimamo wangu nausema wazi, mwimbaji alipwe. Na sababu yangu kubwa ni kwamba hizi nyimbo bila waimbaji zisingefika hapa. Chukua All of Me, ya 1931, Gerald Marks na Seymour Simons ndo walioitunga, na walishairekodi wengi kabla. Halafu sikiliza Billie Holiday 1941. Bendi inakwenda na mdundo wake vizuri tu, yeye anaachia neno nyuma kidogo ya mdundo, kama mtu anayefikiria kabla ya kusema, na pale ambapo wimbo unatakiwa upande juu yeye haupandishi sana, anaubana katikati kwenye noti chache, halafu mwisho wa mstari anaushusha polepole. Baadae Lester Young anaingia na saksafoni kama anamjibu. Hayo yote hayapo kwenye karatasi ya mtunzi! Ni kazi ya Billie pale studio. Na huyo Billie miaka ya 30 alipokuwa anarekodi na mpiga piano Teddy Wilson alikuwa anapewa hela ya mkupuo kwa kikao, mirabaha hakuna, santuri iuze isiuze. Kwa hiyo kwenye mauzo hakupata na kwenye redio hakupata, sasa apate wapi?

Jimmy Scott je. Aliimba Everybody's Somebody's Fool na bendi ya Lionel Hampton, ikatamba 1950, jina lake kwenye santuri hata halikuandikwa. Mtu anaimba mpaka machozi yanakutoka na watu hawajui ni nani!

Wanaopinga wana hoja zao na nimezisikia. Ya kwanza ndo ya wenye vituo vya redio wenyewe, wanasema sisi tunamtangaza msanii bure, watu wakisikia watanunua. Sawa, miaka ya 50 ilikuwa na ukweli. Lakini mtunzi naye si anatangazwa vile vile na bado analipwa? Hapo huwa sipati jibu. Halafu Dinah anatangaziwa nini leo, ana shoo wapi?

Ya pili ni kwamba redio ndogo zitakufa. Hii ningeiogopa kama isingekuwa na majibu kwenye muswada wa kutaka redio ziwalipe waimbaji, maana huu uliopelekwa Kongresi, yaani bunge lao, 2021 na ukarudishwa tena baada ya hapo unasema kituo kinachoingiza chini ya dola milioni 1.5 kwa mwaka, kama hakimilikiwi na kampuni kubwa, kitalipa dola 500 kwa mwaka mzima. Redio za vyuo ni dola 100. Kituo gani kinakufa kwa dola 100 kwa mwaka?

Kuna na wale wanaosema hela itaishia kwa makampuni, wasanii wenyewe walishakufa. Angalieni basi upande wa redio za satelaiti na intaneti, ambako sheria ya kulipa ipo tangu 1995: nusu inakwenda kwa mwenye rekodi, ambaye mara nyingi ni kampuni, asilimia 45 kwa mwimbaji mkuu, asilimia 5 kwa wapigaji na waitikiaji. Mgao wa msanii haupitii kwa kampuni. Ila hata huko rekodi za kabla ya Februari 1972 zilikuwa nje ya sheria ya taifa mpaka 2018, na hizo ndo karibu zote tunazozipenda hapa. Yaani kizazi kile kile kimerukwa mara mbili.

Na msidhani ni ya Wamarekani tu. Kwa vile wao hawalipi wageni, nchi nyingi za nje nazo hazimlipi Mmarekani. Na msanii wetu yeyote wimbo wake ukipigwa FM ya kule kama mwimbaji hapati kitu, labda awe na utunzi.

Kuhusu kwamba tunamnyang'anya mtunzi, hapana jamani. Frank Sinatra mwishoni mwa miaka ya 80 aliwaandikia wasanii wenzake waungane kudai sheria hii, na ni Sinatra huyo huyo aliyekuwa na tabia ya kumtaja mtunzi na mpangaji muziki jukwaani kabla ya kuimba. Alijua thamani ya pande zote mbili. Alifariki 1998 sheria haijapita, na mpaka naandika hapa redio za FM bado hazilipi.

Sasa anayepinga aanze na hili moja: kwa nini tangazo la bure linamtosha Dinah na halimtoshi Stanley Adams? Karibuni.