Nina siku mbili Berlin na euro 80: niende wapi?

KijanaWaMbagala:
Ndugu zangu, habari za huko mliko. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nimefika Magdeburg mwanzoni mwa Oktoba kusomea uhandisi wa maji. Tangu nifike sijatia mguu nje ya mji huu. Chumbani, darasani, maktaba, dukani, chumbani tena. Wiki ijayo Jumamosi na Jumapili sina kazi ya kukabidhi, nimeamua kwenda Berlin. Kitanda cha hosteli nimeshalipia, na mfukoni nimetenga euro 80 za kula na kuzunguka. Tiketi ya treni ninayo, ile ya nchi nzima tunayolipia pamoja na ada ya muhula.

Wenzangu darasani wamenitajia Lango la Brandenburg, ukuta na mnara wa televisheni. Hivyo nitaviona. Ila kila nikimpigia mama simu ananiuliza, "Mwanangu, huko Ujerumani umeona nini?" nami sina la kumwambia zaidi ya baridi. Nataka safari hii nirudi na jibu. Kama kuna aliyetembea Berlin akaona kitu cha kumsimulia mzazi wa kwetu, naomba anielekeze. Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo na suala la chakula naomba msilisahau.

BintiMchinga:
Karibu Ujerumani mdogo wangu. Mimi nasoma Leipzig, na Berlin nilikwenda mara ya kwanza tarehe 23 na 24 Novemba 2024, Jumamosi na Jumapili kama wewe. Nitakueleza nilivyozunguka, uchukue kinachokufaa.

Anza na mjusi, yaani yule dinosaria mkubwa wa makumbusho ya viumbe. Kutoka Magdeburg panda treni ya RE1, inakwenda moja kwa moja, baada ya kama saa mbili uko Berlin. Shuka Friedrichstraße, teremka chini uchukue treni ya chini ya ardhi, U6, ya kuelekea kaskazini. Kituo cha pili kinaitwa Naturkundemuseum, yaani hapo hapo kwenye makumbusho. Ukishaingia hutamtafuta. Yuko ukumbi wa kwanza, kichwa kiko juu karibu na paa la vioo. Kimo chake ni mita 13.27, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa popote duniani inayomzidi kwa kwenda juu. Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, kama twiga, ndiyo maana wataalamu wanamwita Giraffatitan. Ametoka Tendaguru, Lindi. Kwetu.

Mimi ni Mmwera. Bibi yangu alikuwa akitusimulia kwamba wazee wa zamani walibeba "mifupa ya Wajerumani" kichwani kutoka porini hadi bandarini Lindi. Sisi watoto tulidhani ni mifupa ya Wajerumani waliokufa, wanarudishwa kwao wakazikwe. Nimekua na picha hiyo kichwani, ya watu wamejipanga njiani na maiti za wazungu. Hadi siku ile niliposimama mbele ya mguu wa yule mnyama, nikaona mfupa mmoja tu wa juu wa mguu wa mbele umenizidi kimo, ndipo nikaelewa bibi alikuwa anasema nini. Nilikaa kwenye benchi muda mrefu. Watoto wa Kijerumani wanapita wanapiga kelele za furaha, mimi nahesabu mbavu.

Uchimbaji ulianza 1909 ukaisha 1913. Hesabu mwenyewe: Vita vya Majimaji vilikwisha 1907, na kusini yote watu walikuwa wametoka kwenye njaa na mashamba yaliyochomwa moto. Watu hao hao ndio waliochimba. Msimu ulipochanganya walifika kama 500. Mifupa ilifungwa kwa mianzi na udongo, midogo ikabebwa kichwani, mikubwa ikaning'inizwa kwenye miti mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi pwani. Zaidi ya tani 200 ziliondoka hivyo. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, na huyu umshike jina umpelekee mama, kwa sababu alijua kufukua na kuunga mifupa kuliko wengi waliomwandikia mshahara. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Mwingine, 2019, akaitwa Wamweracaudia keranjei: Wamwera ni sisi, na Keranje ni Mohammadi Keranje, aliyekuwa msimamizi wa shimo. Mimi nilimpigia baba nikamtamkia neno hilo polepole. Akanyamaza, halafu akaniambia nirudie.

Ukitoka hapo rudi U6 ile ile, endelea kaskazini hadi Rehberge au Afrikanische Straße. Huo ni mtaa wa Wedding, na barabara zake zina majina ya Afrika ya enzi za ukoloni: Togo, Kamerun, Kongo, Uganda, Tanga, Sansibar. Nyumba ni za kawaida tu, baiskeli zimefungwa kwenye nguzo, watu wanatembeza mbwa. Ulizia Maji-Maji-Allee. Hadi Agosti 2024 barabara hiyo iliitwa Petersallee, jina lililowekwa kwa ajili ya Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wa kwetu walimwita Mkono wa Damu. Watu walipigania jambo hilo miaka na miaka, na sasa barabara imegawanywa majina mawili: kipande kimoja ni Anna Mungunda wa Namibia, kingine ni Majimaji. Nilipofika mimi kibao cha zamani kilikuwa bado kipo, kimekatwa kwa mstari mwekundu, na juu yake kipya. Nilipiga picha moja, simu ikazima kwa baridi.

Hapo nikuonye. Tiketi yangu ilikuwa ndani ya simu hiyo hiyo. Kwenye treni ya kurudi mkaguzi akaingia, sina cha kumwonyesha, nikaandikiwa faini ya euro 60 mbele za watu. Wiki iliyofuata nikapeleka uthibitisho kwamba tiketi ni halali na ina jina langu, nikalipa euro 7 badala ya 60. Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu 60 ndiyo ilikuwa chakula changu cha mwezi mzima. Beba chaja ya mfukoni, na simu iweke ndani ya koti, karibu na mwili.

Jumapili nilikwenda Brunnenstraße namba 193. Unachukua U8, unashuka Rosenthaler Platz, unatembea dakika chache. Usitafute ukutani, tazama chini. Kwenye mawe ya njia ya watembea kwa miguu kuna kibamba cha shaba, sentimita kumi kwa kumi, kama kigae kidogo. Hilo ni jiwe la kumbukumbu ya Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Alikuwa mtoto bado alipoingia kwenye jeshi la askari wa Wajerumani katika Vita ya Kwanza. Mwaka 1929 akaja Berlin. Akawa mhudumu kwenye jumba kubwa la starehe, akaigiza kwenye filamu, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu hapa mjini. Kiswahili, mdogo wangu! Wajerumani wakakaa mbele yake wakakariri ngeli. Akaoa Mjerumani, akazaa. Utawala wa Hitler ulipomgeukia, alikamatwa 1941 kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, na humo akafa.

Jiwe lilikuwa na matope na jani limeganda juu yake. Nilichuchumaa nikalisugua kwa ncha ya skafu mpaka herufi zikang'aa. Nikasoma jina, mwaka, kambi, kisha tarehe ya kifo: 24.11.1944. Nikaangalia tarehe ya siku hiyo. Ilikuwa 24 Novemba 2024, miaka 80 kamili, na mimi sikupanga wala sikujua. Nilimsomea Fatiha pale pale njiani, watu wananipita na mifuko ya mikate. Sijui ni nani wa kwao aliyewahi kumsomea.

Mengine ya haraka: makumbusho hufungwa Jumatatu, kwa hiyo usiyaahirishe. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa isipokuwa ya ndani ya vituo vikubwa vya treni, basi nunua mkate na maji Jumamosi. Chupa ya plastiki usiitupe, ukiirudisha dukani unapewa senti 25. Na Novemba jua linazama saa kumi na kitu, kwa hiyo mitaa ya Wedding uimalize mapema.

Mvita_Berlin:
Dada amenena, mie niongeze mawili matatu, maana naishi hapa mwaka wa sita. Chakula kisikutie wasiwasi bwana mdogo. Wedding na Neukölln zimejaa Waturuki na Waarabu, halali utaipata kila kona, na mkate mmoja wa nyama wa döner unakushibisha mpaka usiku. Ukitaka kuswali mahali pazuri nenda msikiti wa Şehitlik, Columbiadamm. Una minara miwili, na pembeni kuna makaburi ya zamani ya Waislamu. Jirani yake ni uwanja wa ndege wa Tempelhof uliofungwa 2008, siku hizi watu hukimbia na kurusha tiara kwenye njia zile zile za ndege. Kuingia bure.

Kuhusu ukuta: wengi wanakwenda ule uliochorwa picha. Mie ningekwenda Bernauer Straße, kwa sababu ukitoka kwenye jiwe la Mohamed Husen ukifuata Brunnenstraße hiyo hiyo kwa miguu, unaifikia. Pale utaona ukanda wote ulivyokuwa, ukuta wa mbele, ukuta wa nyuma, na nafasi ya kifo katikati. Hapo pia hulipi.

Na ukiwa Lango la Brandenburg, ingia Wilhelmstraße utafute namba 92. Jumba lenyewe halipo tena, ila kuna kibao. Hapo ndipo Wazungu walipokaa kwenye Mkutano wa Berlin kutoka Novemba 1884 mpaka Februari 1885 wakaiwekea Afrika sheria za kugawana, hakuna Mwafrika hata mmoja mezani. Dakika kumi zatosha kusoma, lakini soma.

Unguja_Kaskazini:
Sansibarstraße nimepita mimi, nyumba na miti tu, nikapiga picha na kibao nikampelekea mama. Ukija kupata siku nyengine ya mapumziko fika Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf. Bibi Salme binti Said, yule binti wa Sultani wa Zanzibar, kazikwa huko tangu 1924. Makaburi ni makubwa mno, uliza ramani langoni.

KijanaWaMbagala:
Dada BintiMchinga, kaka Mvita, ndugu wa Unguja, nimerudi jana usiku. Asanteni sana. Nimetumia euro 52 kwa siku zote mbili, na chaja ya mfukoni niliazima kwa Mnepali tunayekaa naye.

Mjusi nimemwona. Nilijipima na ule mfupa wa mguu, dada, na mimi pia umenizidi. Mlinzi wa ukumbi aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, akanyoosha kidole juu kwa yule mnyama, akatabasamu.

Maji-Maji-Allee nilifika saa tisa na nusu, mwanga unaanza kupungua. Nikampigia mama kwa video. Sikuwaambia humu, mama yangu ni Mmatumbi, kwao ni milima ya Kipatimu, na vita ile ilianzia kwao, kwenye pamba. Nikageuza simu nikamwonyesha kibao. Kwanza hakuona vizuri, intaneti ilikuwa inakatika. Akaniambia sogea karibu. Nikasogea mpaka chini ya nguzo, nikainua mkono.

Akauliza, "Wameandika sawasawa?"

Nikamsomea herufi moja moja. Akamwita shangazi kutoka jikoni, akaniambia nianze upya.