Shokapu za mlango wa nyuma wa Noah zimechoka: kujaza gesi au kununua nyingine?

noah_ya_familia: Habari wakuu. Gari ni Noah AZR60. Mlango wa nyuma ukiufungua unafika nusu, kisha unashuka wenyewe. Asubuhi kwenye baridi ndiyo mbaya kabisa, mchana wa jua unajitahidi kidogo. Kwa sasa naukingia mti. Fundi anasema atoboe shokapu, achomelee valvu ajaze gesi upya, bei nafuu kuliko kununua. Inawezekana? Na nikinunua, nitajuaje zinazofaa na nitazifungaje?

Spana_Namba12: Usikubali atoboe, mkuu. Ndani mna nitrojeni na mafuta kidogo, na presha yake ni kubwa mno. Piga hesabu: shokapu ya 450N (N ni newton, kipimo cha nguvu) yenye fimbo ya milimita 8 ina kama PSI 1,300. Tairi lako lina kama 33. Hapo drili ikipenya, au moto wa kuchomelea ukipandisha presha, bomba linaweza kumpasukia fundi usoni. Na hata valvu ikishika, kompresa ya kujazia matairi haifikii presha hiyo hata kwa mbali, kwa hiyo mlango hautanyanyuka. Kilichokufa ni sili, ule mpira unaozuia gesi isitoke pembeni mwa fimbo. Ukikuta fimbo imelowa mafuta, ujue gesi nayo inapita hapohapo.

Hilo la asubuhi ni kawaida: gesi ikipoa, presha inashuka. Shokapu nzima ina akiba ya kutosha, iliyochoka haina.

Mzee_wa_Spea: Kabla ya kwenda dukani, futa vumbi kwenye bomba usome namba. Nguvu huandikwa kwa N, mfano 380N au 450N. Kama maandishi yamefutika, nenda na namba ya chesesi pamoja na shokapu yenyewe. Pima urefu ikiwa imefunguka yote, kutoka katikati ya kichwa kimoja hadi katikati ya kingine, halafu pima sehemu ya fimbo inayotoka nje. Vyote viwili vilingane na ya zamani. Ikiwa ndefu, inafika mwisho kabla mlango haujafunga. Ukiulazimisha unapinda bati la kushikia. Na usidanganyike na "yenye nguvu zaidi": mlango unakuwa mgumu kufunga na bawaba zinaumia.

Ukinunua mtumba, omba mizani ya kupimia watu. Simamisha shokapu fimbo ikiwa chini, kandamiza wima hadi fimbo ianze kuingia. Ya 450N isome kilo 46 au zaidi kidogo. Ikisoma 30, iache hapohapo.

Spana_Namba12: Kufunga: tafuta mtu wa kushika mlango, na mti uwepo pia. Toa moja, funga mpya, ndipo uende upande wa pili. Toyota nyingi zinatumia bolti, spana namba 10 au 12. Anza kuzikaza kwa mkono zisile uzi. Ukikuta kichwa chenye klipu ya waya, inyanyue kidogo tu kwa bisibisi bapa ndogo kisha vuta kichwa. Ukiichomoa klipu yote inaruka na hutaiona tena.

Fimbo usiishike kwa plaizi. Mkwaruzo mdogo tu unakata sili, na shokapu mpya inakufa mapema. Usiipake grisi pia, inakusanya vumbi. Badilisha zote mbili, maana moja mpya na moja mbovu zinaupindisha mlango, loki inakaa upande.

noah_ya_familia: Shukrani sana. Fimbo iangalie juu au chini? Na hizi za zamani niwape watu wa chuma chakavu?

Mzee_wa_Spea: Mlango ukiwa umefungwa, fimbo iwe upande wa chini, mafuta yalale juu ya sili isikauke. Za zamani wape, ila waambie wasizikate kwa moto wala kuzigonga. Shokapu isiyoweza tena kunyanyua mlango bado ina presha ya kutosha kumjeruhi mtu.