Mrejesho: Tikal tumefika, na hela imetosha

Wakuu, asanteni. Niliuliza kama mimi na mke wangu tunaweza kwenda Tikal, magofu ya Wamaya kaskazini mwa Guatemala, bila kupitia kampuni ya utalii. Inawezekana. Tulilala Flores, kamji ka kisiwani kwenye Ziwa Petén Itzá, tukapanda kibasi cha alfajiri. Kiingilio kilikuwa quetzal 150 (hela ya Guatemala) kwa mgeni. Aliyenishauri nibebe noti taslimu, Mungu ambariki.

Hekalu la Nne ndilo lililotumaliza. Lina urefu wa zaidi ya mita 60. Unapanda ngazi za mbao mpaka magoti yanalia, halafu ghafla msitu wote uko chini yako, vilele vya mahekalu mengine vikichungulia kwenye ukungu. Mara kitu kikanguruma. Mke wangu akanikamata mkono: "Baba Neema, chui huyo!" Kumbe kima tu, wale wa kule wenye sauti kubwa kuliko mwili. Nilicheka, ila na mimi nilikuwa nimeshatafuta njia ya kushukia.

Kosa letu lilikuwa chupa moja ya maji kwa watu wawili. Joto la kule halina huruma.