Tupeane uzoefu: kulea watoto wadogo kwenye baridi ya Njombe mwezi wa saba

Mwalimu wa Pacha: Wakuu, habari za baridi. Mimi ni mtu wa Tanga, kazi imenileta Njombe, huu mwaka wa pili. Nina pacha wa mwaka na nusu. Leo asubuhi nimemwogesha mmoja, nageuka kumchukua mwenzake, maji yameshakuwa ya mtungini. Nguo nimeanika Jumatatu, leo Alhamisi, kwenye mpira wa kiuno bado mbichi. Manyunyu hayakati, jua linachungulia saa saba kisha linarudi kulala. Jana nimepiga pasi soksi mpaka luku ikaisha. Nyie mnawezaje?

Binti Kibena: Mwezi wa sita na wa saba ndio zake. Kwangu kuoga mara mbili kwa wiki. Siku nyingine nafuta uso, kwapa na makalio, napaka mafuta, maisha yanaendelea.

Mzee wa Kariakoo: Mara mbili kwa wiki?? Mtoto huyo au gunia la viazi?

Binti Kibena: Panda basi uje umwogeshe wewe saa kumi na mbili asubuhi. Beseni nitakupa.

Baba Junia: Godoro je? Wangu kikojozi, nimeligeuza mpaka halina tena upande mkavu.

Mama Watatu: Mmenikumbusha mbali. Mwaka 2019, mume yuko safari, mdogo ana miezi tisa. Usiku ule baridi ilikuwa ya kuuma meno. Nilichemsha maharage, mkaa ukabaki mwekundu, hauna moshi hata kidogo, nikaona dhambi kuumwaga. Nikaingiza jiko chumbani, nikaziba chini ya mlango kwa kanga joto lisitoke. Tukalala watatu kitanda kimoja.

Sijui ilikuwa saa ngapi, nikaamka kichwa kinatwangwa. Nataka kukaa, miguu si yangu. Mkubwa ametapika kwenye mto na hajaamka. Nikamwinua mdogo, shingo ikalegea. Nikatambaa hadi mlangoni. Kila nikiuvuta, ile kanga inajikunja chini yake, unakwama. Kanga niliyoisokomeza kwa mkono wangu! Nikapiga ukuta kwa kiatu mpaka jirani akaja akavunja dirisha. Hospitali tukawekewa oksijeni wote. Mdogo alianza kulia saa tatu asubuhi. Nikataka kumbembeleza, muuguzi akaniambia, "Mwache alie."

Binti Kibena: Pole sana dada. Nimesoma nimesimama.

Baba Junia: Pole mama. Hata godoro nimelisahau.

Mkinga Asilia: Poleni, ila tusitishane. Sisi Makete tumelala na moto ndani tangu enzi za bibi. Tatizo ni huu mkaa wa kununua.

Mama Watatu: Nyumba ya bibi yako ilikuwa ya nyasi kaka, hewa inapita juu. Wewe una siling bodi na dirisha la aluminiamu. Ile gesi, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na haiulizi mkaa umetoka wapi.

Mkinga Asilia: Sijabisha, nimesema tu.

Mama Watatu: Umebisha.

Mbeba Boksi: Huku Minnesota, Marekani, sheria inataka king'ora cha gesi hiyo kisizidi futi 10 kutoka chumba cha kulala. Changu kililia usiku wa manane, nikawatoa watoto nje kwenye theluji na pampasi zao. Kumbe betri imeisha. Wao walifurahi, aliyeugua mimi.

Bibi Mjukuu: Wanangu, kitunguu maji kwenye unyayo, vesha soksi. Asubuhi mafua hakuna.

Baba Junia: Bibi, shikamoo. Nilijaribu. Mtoto alinuka kachumbari na mafua yakabaki.

Mama Watatu: Akihema harakaharaka na mbavu zinabonyea ndani, achaneni na vitunguu, usiku huohuo hospitali. Kwa joto, jaza maji ya moto kwenye chupa, funga vizuri, ivishe soksi, weka kitandani kabla hajalala. Akiingia yeye, chupa inatoka.

Mzee wa Kariakoo: Mwalimu, rudi Tanga.

Mwalimu wa Pacha: Nimetoka kulitoa jiko. Lilikuwa kona ya chumba, pacha wamelala. Mama Watatu, sina la kusema. Ila hizo soksi za kuvisha chupa, ndo zipi wakati zote ziko kwenye kamba?